Kijivu-samawati Sebuleni, Patakuwa Giza?

SWALI: Shikamoo shangazi. Tumepanga nyumba ya zamani Mji wa Kale, sebule ina dirisha moja tu linatazama kichochoro. Mie nataka rangi ya kijivu-samawati, si nyepesi si nzito, mume wangu asema patakuwa giza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo hajakosea, rangi hii ikikosa mwanga yageuka kijivu kitupu. Paka ukuta mmoja tu, ule unaotazamana na dirisha, zilobaki na dari ziwe nyeupe ya maziwa, na viti vya mvule ukiviweka hapo mbele wallahi vitapendeza. Kwanza paka kadibodi kubwa, ibandike ukutani uitazame asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwaka, maana balbu ya njano ya 2700K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) huiua ile samawati na nyeupe ya 6500K huifanya baridi kama wodini.

Lakini nakusihi sana, kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu, ukizipaka rangi ya mafuta unyevu wakwama ndani rangi inababuka yote. Zungumza na mwenye nyumba, fundi aiondoe kwa brashi ile chumvi nyeupe ya ungaunga inayotoka ukutani, ndio atie chokaa ya rangi, na aikoleze kidogo, ikikauka hupauka.