Sayari Tisa au Nane? Kromosomu 48 au 46?

SWALI: Shuleni nilifundishwa sayari tisa, kitabu cha mwanangu kinasema nane. Babu yake naye anashikilia kwamba seli ya binadamu ina kromosomu 48, wakati mimi najua ni 46. Nani kati yetu alifundishwa uongo?

JIBU: Mifano yako miwili haifanani.

Pluto, ile sayari ya tisa, iko vilevile. Iligunduliwa mwaka 1930 ikaitwa sayari. Mwaka 2005 likatangazwa gimba jingine, Eris, linalokaribiana nayo kwa ukubwa; ama yote mawili yawe sayari, ama yasiwe. Mwaka 2006 wanaastronomia wakapiga kura: sayari izunguke Jua, iwe mviringo kwa nguvu ya mvutano wake, na iwe imesafisha njia yake, yaani isichangie njia hiyo na magimba mengine yanayokaribiana nayo kwa ukubwa. Pluto ilikwama kwenye sharti la tatu. Kilichobadilika ni maana ya neno tu.

Kwa babu, hesabu yenyewe ilikosewa. Mwaka 1923 mtafiti Theophilus Painter alitangaza 48 baada ya kuchunguza vipande vyembamba vya tishu ya korodani. Katika vipande vya namna hiyo kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, hulaliana kama nyuzi zilizosokotana, na kisu huweza kukata moja ikaonekana mbili. Waliomfuata nao walipata 48. Ukishajua jibu, si vigumu kuhesabu hadi ulifikie!

Joe Hin Tjio na Albert Levan, huko Lund, Sweden, walichapisha 46 mwaka 1956. Waliotesha seli za mapafu ya kijusi, wakatia kemikali iitwayo kolkisini ili zisimalize kugawanyika, kisha wakaziloweka kwenye maji yenye chumvi kidogo kuliko iliyomo ndani ya seli. Maji yakaingia, seli zikavimba, kromosomu zikaachana. Walipozibana chini ya kioo zikalala bapa, kila moja peke yake.

Kuna hesabu nyingine inayotofautiana vitabuni: idadi ya ATP, molekuli zinazobeba nishati ya seli, zinazotokana na molekuli moja ya glukosi. Vitabu vya zamani huandika 38, vikihesabu ATP 3 kwa kila NADH na 2 kwa kila FADH2, molekuli zinazobeba elektroni zenye nishati ya kutengenezea ATP. Vipya hutumia 2.5 na 1.5, kwa kuwa sehemu ya nishati hutumika kusafirisha vitu kupitia utando wa mitokondria. NADH 10 zinatoa 25, FADH2 2 zinatoa 3, ongeza ATP 4 zinazotengenezwa moja kwa moja: 32. Kwenye mtihani mwanao aandike viwango alivyotumia kabla ya kujumlisha.