Kabla hujapiga vigingi vya mwani, pima maji

Wanaotaka kuanza kilimo cha mwani huniuliza kwanza watapata wapi mbegu nzuri. Mimi huwauliza wamechagua maji gani, maana mbegu bora ukiitia kwenye maji mabaya inakufa mbele ya macho yako.

Bahari ya kawaida ina chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Lakini huku mashariki ya Unguja, kati ya Paje na Jambiani, maji yakikupwa ndani ya mwamba hubaki ya magotini, na hapo chumvi haitulii. Jua la kaskazi likiyapiga, yanapata moto na chumvi inapanda. Masika mvua kubwa ikiyakuta yamekupwa, maji ya mvua huelea juu ya maji chumvi kwa kuwa ni mepesi, na mwani ndimo ulimo. Chumvi ikishuka hadi gramu 20, au joto likivuka nyuzi 33, mmea huelemewa. Hutoa utomvu, bakteria huufuata, matawi yanakuwa meupe, yanalainika na kukatika. Wengi hudhani ni ugonjwa ulioletwa na mbegu ya jirani, wakati chanzo ni maji yenyewe. Kati ya aina mbili za mwani tunazolima, kotonii, yenye bei nzuri, huathirika mapema kuliko spinosamu, na ndiyo sababu mashamba mengi ya maji madogo yamebaki na spinosamu peke yake.

Kwa hiyo tafuteni refraktomita, hata kikundi kizima kitumie moja. Unadondosha tone la maji kwenye kioo, unaangalia kwenye mwanga, unasoma chumvi. Ongeza kipimajoto. Pimeni wakati maji ni mabaya kabisa: siku za bamvua, maji yamekupwa sana na jua liko juu, na tena baada ya mvua kubwa. Kipimo cha maji yaliyojaa kitakupendezea tu, hakitakusaidia kuchagua.

Miguu nayo inapima. Ukihisi ubaridi unaobubujika mchangani, hapo maji ya ardhini yanatoka kupitia mawe ya matumbawe. Sogea. Maji hayo hupunguza chumvi, na yakipita chini ya mashimo ya vyoo vya nyumba na hoteli hubeba naitrojeni. Mwani unaihitaji kidogo. Ikizidi, nyuzi za mwani mwitu hunenepa, hujizungusha kwenye kamba ulizofungia mwani na kuziba mwanga. Mimi napenda sehemu yenye mkondo wa wastani, maana maji yanayobadilika huleta chakula na kuondoa joto.

Kuhamia maji makubwa kunasaidia kweli, hasa kwa kotonii. Ila nasema hili kwa uchungu: kina mama wengi wa mwani hawakufunzwa kuogelea. Anayewashauri waende kilindini aanze na mafunzo ya kuogelea na chombo salama, ndipo azungumzie nyavu za kupandia mwani huko.

Anza na kamba chache sehemu mbili tofauti, uandike vipimo daftarini mpaka kaskazi na masika zote zipite. Kwa kawaida mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi. Ukiona matawi yameanza kuwa meupe, vuna mapema, hata kama uzito haujatimia. Andaa kwanza chanja ya kuanikia yenye paa, kwa sababu mwani ukinyeshewa ukiwa juani hushuka ubora, na mnunuzi huliona hilo mara moja.