Bolti ya tangi iliyoganda kwenye Honda CG125 ya zamani

Kaka wa Tukuyu uliyeuliza kuhusu pikipiki yako ya CG125, bolti ya nyuma ya tangi la mafuta ikigoma kutoka usiilazimishe. Kwa mvua za huko, kutu imeshaingia kwenye meno. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, fungulia koki, petroli yote iishie kwenye dumu. Moto wa gesi usiusogeze kabisa, hata tangi likiwa tupu, maana mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka! Sugua bolti kwa brashi ya waya, nyunyizia WD-40 (dawa ya kulegeza kutu), iache hadi kesho. Kisha gonga kichwa cha bolti kidogo kidogo, valisha soketi ya pembe sita (ya pembe kumi na mbili hula kona), kaza kiduchu kwanza, ndipo ulegeze. Nenda mbele, rudi nyuma, bila haraka. Ikianza kulia, ongeza dawa. Ukirudishia, paka grisi kwenye meno.