Rudisha hilo kopo la tui kabatini: kinywaji cha Gilligan's Island na kosa linalomwaga ramu yote

Mkuu mleta mada, simama hapo hapo. Umesema wakwe zako huko Houston wamekua na Gilligan's Island, vichekesho vya televisheni vya Marekani kuhusu watu waliokwama kisiwani, unawaandalia jioni ya watu 24, na unataka kinywaji cha nazi chenye ramu, jina la kukipa, muziki wa kupiga, vyombo vya kunywea, na kujua kama kila kitu kinaweza kuchanganywa usiku wa kuamkia shughuli. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukaandika kwamba una makopo 4 ya tui na utayasaga na barafu na ndimu. Hapo ndipo roho imeniuma. Fanya hivyo na zaidi ya lita 1 ya ramu itaishia kwenye sinki.

Wazo la nazi silipingi. Vichekesho vile vilirushwa CBS kuanzia 1964 hadi 1967, vipindi 98, na kisiwa kizima kiliendeshwa kwa nazi: Mary Ann akioka pai za nazi, Profesa akiunda vifaa kwa vifuu. Ila nazi ina tabia zake, na anayekuambia "tui lolote linafaa" hajawahi kuliweka kwenye barafu akasubiri dakika 10.

Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Hata bila friji, asubuhi ya baridi tu chupa ya mafuta ya nazi huwa nyeupe. Sasa chukua tui tupu ulikutanishe na barafu ghafla: mafuta yanajitenga na maji, yanaganda punje punje. Ongeza ndimu, ile asidi inagandisha na protini ya tui. Unachopata juu ya glasi ni chembe nyeupe kama chicha iliyopenya kwenye kifumbu, chini maji matupu, na mgeni akinywa anabaki na utando wa mafuta mdomoni. Wapishi tunayajua haya: tui likichemshwa ovyo linakatika. Watu wanasahau kwamba hata baridi na ndimu hulikata.

Na sasa niwaseme waandishi wa mapishi ya mtandaoni, maana hawa ndio wanaoumiza watu. Madukani Marekani kuna makopo mawili tofauti kabisa yenye maneno yale yale yaliyopinduliwa. "Coconut cream" ni tui zito lisilo na sukari, liko kwenye rafu ya vyakula vya Kiasia. "Cream of coconut" ni tui lililopikwa na sukari nyingi pamoja na viungo vya kulishikilia lisijitenge. Chapa ya Coco López ndiyo inayojulikana zaidi, na iko kwenye rafu ya vinywaji. Video moja inasema hili, picha inaonyesha lile, na wanaouliza kwenye maoni wanajibiwa "yote sawa tu". Si sawa! La kwanza ni la mchuzi, la pili ni la glasi. Wewe una manne ya la kwanza.

Kanuni ni moja, na hii usiivunje: tui lishikane na sukari kwanza, ndipo lione barafu.

Makopo yako hayajapotea. Tui la ml 400, sukari gramu 300, chumvi robo kijiko cha chai. Angalia kopo lisiwe lile lililopunguzwa mafuta. Lile ni maji meupe. Weka sufuria kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha kama unavyokoroga mchuzi wa samaki ukishatia tui la kwanza. Sukari ikishayeyuka yote na vipovu vidogo vikaanza kuonekana pembeni, toa. Lisichemke. Kisha saga kwa mashine ya mkono au blenda dakika 1 nzima lingali la moto. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoyavunja mafuta yawe matone madogo sana yasiyoweza kukutana upesi. Chuja, acha lipoe lenyewe. Utapata kama ml 580, zinazotosha glasi 12 za kinywaji. Kwa watu wako 24 fanya makopo 2, na la tatu weka kama akiba. Ukitaka kutumia nazi mbichi, ikune, kamua tui zito la kwanza kwa maji ya uvuguvugu kidogo sana, uendelee vile vile.

Krimu hii ndiyo pekee ya kutengeneza siku moja kabla. Kwenye friji itakuwa ngumu, usishtuke. Isimamishe chupa kwenye maji ya vuguvugu hadi imiminike, itikise, ndipo uitumie. Ukiichota ikiwa ngumu umerudi kule kule kwenye punje.

Kwa glasi moja: krimu ml 45, juisi ya nanasi ml 90, ramu ml 45, ndimu ml 15, barafu ya kusagwa gramu 150. Anza na krimu na juisi ambayo haijatoka kwenye friji, saga sekunde 15. Tia ramu, kisha ndimu, zungusha kidogo. Barafu iwe ya mwisho, sekunde 20 tu. Ukitanguliza barafu, mafuta yanaganda kwenye visu vya blenda kabla hayajachanganyika na chochote. Saga glasi 4 kwa mkupuo, usijaze jagi la watu 24 likae mezani, maana barafu ikiyeyuka kinajitenga hata kama ulifanya kila kitu vizuri. Nunua barafu kilo 6. Hesabu inasema 3.6, lakini nyingi huishia kuyeyuka kwenye ndoo.

Kabla wageni hawajafika tengeneza glasi moja, iache dakika 10. Ukiona punje, rudisha krimu jikoni, ipashe, isage upya. Ikishakatika ndani ya kinywaji chenye ndimu, hakuna dawa: blenda italificha kosa dakika chache, kisha linarudi. Na usijaribu kuokoa kwa maziwa au aiskrimu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na kinywaji kinakuwa kichungu. La kopo halina shida hiyo kwa sababu limepashwa moto.

Kwa upande wa Gilligan mwenyewe, anajulikana kwa shati jekundu na kofia nyeupe, kwa hiyo huhitaji mapambo ya plastiki. Chemsha rozela kavu na sukari hadi iwe sharubati nzito, ipoe kabisa. Tumia glasi ndefu ya kioo ya ml 400, kwa sababu kwenye kifuu rangi haitaonekana. Mimina sharubati ml 10 chini, kisha kinywaji juu taratibu kwa mgongo wa kijiko. Sharubati ni nzito, inabaki chini: shati jekundu, kofia nyeupe juu yake. Rozela ina asidi kama ndimu, na ndimu iliyomo inatosha, kwa hiyo isiingie kwenye blenda.

Kwa wasiokunywa pombe, weka madafu ml 45 mahali pa ramu na punguza ndimu iwe ml 10. Wasagie hao kwanza, blenda ikiwa bado haijagusa ramu.