Rangi ya Kuku wa Maonyesho: Maswali Yenu

Mzee, jogoo wangu wa Sussex, yule mweupe wa shingo nyeusi, ana umanjano mabegani. Ni jua, ni mahindi ya njano, au ni damu? (Msomaji, Arua)

Mshike, ufunue manyoya ya bega kwa vidole. Njano ikiwa juu tu, na unyoya uliofunikwa chini yake ni mweupe safi, hilo ni jua. Mjengee kivuli, usubiri manyoya mapya. Mahindi ya njano hutia rangi mpaka kwenye uti wa unyoya, punguza uone. Lakini akinyonyoka, akaota mapya kivulini, na bega likarudi na rangi ya majani makavu, hapo shuku damu: huenda amerithi rangi ya fedha (yaani weupe) kwa mzazi mmoja na ya dhahabu (yaani wekundu) kwa mwingine.

Ushahidi utaupata kwa binti zake, maana tetea hurithi jambo hili kwa baba peke yake. Karibu nusu yao wakitoka na wekundu mahali pa weupe, mwenye kasoro ni jogoo; msiwachinje mama zao bure. Mtoe kwenye uzazi. Inauma, najua, hasa akiwa na kifua kipana na mgongo ulionyooka, lakini nusu ya wanawe wa kiume wataibeba kasoro hiyo hadi kwa jirani.

Nimepandisha kuku wa bluu, yaani wa kijivu cha samawati, kwa bluu mwenzake, nikapata weusi na weupe wenye madoa. Nimeuziwa chotara? (Mbale)

Hapana. Kwa wastani robo hutoka weusi, nusu bluu, robo wenye madoa. Ukitaka bluu watupu, pandisha mweusi kwa mwenye madoa.

Tetea wangu wa Rhode Island Red, kuku wekundu, amekatwa alama kwa weusi. Mbona mkia mweusi haukuguswa? (Jinja)

Mkia mweusi ni sifa yake, na weusi wa ndani ya bawa unatakiwa. Hata vidoa chini ya shingo tetea anaruhusiwa. Kosa ni masizi yaliyojificha: puliza manyoya ya mgongo hadi uone ngozi. Yawe mekundu mpaka shinani, bila kijivu.

Australorp wangu, kuku mweusi, ana unyoya mmoja mweupe. Nichinje? (Kasese)

Usichinje. Akiwa bado mdogo, weupe wa ncha za mbawa ni kawaida. Kwa mkubwa, unyoya ulioumia shinani huweza kuota mweupe. Ila ndugu zake wakiwa nao pale pale, ni wa kurithi: mweke kwa mayai ya kula tu, si kwa uzazi. Na msiung'oe siku ya maonyesho. Huo ni udanganyifu.