Video Ikigoma Kwenye Jaribio, Anza na Faili

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayesoma uzamili wa saikolojia. Yuko Lindi, na wiki ijayo anaanza kukusanya data shuleni kwa PsychoPy, programu ya kompyuta ya kuendeshea majaribio ya saikolojia. "Kaka, shikamoo. Video zangu zinagandaganda kwenye PsychoPy, sauti inatangulia picha. Kwenye simu zinacheza vizuri kabisa. Nimefuta programu nikaiweka upya mara mbili. Nifanyeje?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi, Novemba ile niliyokuwa Nanyamba, Mtwara, nikikusanya data zangu.

Jaribio langu lilikuwa la watoto wa darasa la tatu. Mtoto anatazama uso wa mtu anayezungumza. Akiona umegeuka, umeingia hasira au furaha, anabonyeza kitufe. Tunapima muda wa mwitikio kwa milisekunde. Video nilirekodi mwenyewe kwa simu kule Mikindani, jirani na Boma la zamani, binamu yangu akiwa ndiye msemaji. Zilitoka safi, nikajivunia.

Chumba tulichopewa kilikuwa cha bati tupu bila dari. Umeme ulikatika tangu asubuhi, laptopu inaendeshwa kwa betri, saa sita mchana, huwezi hata kuiweka mapajani kwa moto. Video ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaganda kama nusu sekunde, kisha ikaruka mbele. Binti mmoja akanigeukia: "Mwalimu, mbona anaongea kabla hajafungua mdomo?"

Nikamwambia aendelee tu. Hilo ndilo ninalolijutia mpaka leo. Mtoto wa miaka tisa aliona hitilafu, mimi nikamnyamazisha, nikakusanya data za watoto 19 ambazo hazikufaa kitu. Msimamizi wangu alipoziona akasema mbele ya wenzangu, "Huyu hajui anachokipima." Takwimu tulisomeshwa mihula miwili. Faili la video ni kitu gani, hakuna aliyetugusia hata siku moja. Ningeambiwa mapema nisingeaibika vile, na bado inaniuma.

Nilihangaika wiki tatu. Nilifuta programu nikaiweka upya hadi bando likaisha, nikabadilisha msimbo, nikaazima laptopu nyingine. Jibu lilikuwa kwenye faili muda wote huo.

Sikiliza sasa, dada yangu. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja. Mwanga ukipungua, simu inapunguza fremu kwa sekunde, yaani zile picha mojamoja zinazounda video, ukirudi, inaongeza. Mtu anayetazama kwa starehe haoni, ila programu ya majaribio inayohesabu kila fremu inayumba. Tena simu nyingi mpya huhifadhi video kwa H.265, njia ya kubana video ambayo ni nzito kufungua kwa laptopu ya kawaida. Fungua faili lako kwa MediaInfo, programu inayoonyesha undani wa faili la video. Ukikuta neno Variable kwenye kasi ya fremu, mchawi umemshika.

Geuza kila video iwe nyepesi na ya kasi moja kwa FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i asili.mp4 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -r 30 -c:a aac -ar 48000 jaribio.mp4

Fremu 30 zina sababu. Skrini nyingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7, kwa hiyo kila fremu inakaa michoro miwili kamili. Ukiweka 25, fremu moja inakaa miwili, nyingine mitatu, mwendo unakuwa wa kuchechemea. Na kama video ni ya ukubwa wa 4K, ipunguze. Uso wa mtu unaonekana vizuri kwa upana wa nukta 1280.

Kisha panga video ipakiwe kabla ya zamu yake, wakati mshiriki anatazama alama ya msalaba inayoitangulia, isifunguliwe dakika ileile ya kuonyeshwa. Usiendeshe jaribio kwenye folda inayojipandisha mtandaoni. Zima hali ya kuokoa betri. Joto la huku kwetu nalo ni adui, maana prosesa ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe. Anza saa mbili asubuhi.

Kabla hujamwita mtoto yeyote, jirekodi ukipiga makofi, geuza faili, lichezeshe ndani ya jaribio lenyewe na kwenye laptopu ileile. Viganja vikikutana, sauti itoke hapohapo. Halafu soma faili la kumbukumbu ambalo PsychoPy inaandika. Ukiona onyo kuwa fremu ya mwisho ilichukua milisekunde 33 au zaidi, ujue skrini imekosa zamu, na katika jaribio la muda wa mwitikio hilo si la kufumbia macho.

Wenzangu mnaofanya utafiti, yule mtoto ameacha kipindi chake, mzazi wake ametia saini akakuamini. Kumkalisha mbele ya video mbovu huku unajua ni mbovu ni kumdhulumu. Mimi nilidhulumu watoto 19.

Februari nilirudi shule ileile na faili mpya. Watoto 32 walipita, hakuna video iliyoganda, na msimamizi yuleyule akasaini tasnifu bila kurudisha ukurasa hata mmoja.

Dada, geuza zote leo usiku, zile za mazoezi pia. Ikibaki moja inayogoma, nitumie faili la asili, lile lililotoka kwenye simu, si ulilolipitisha WhatsApp. Kule huwa linabanwa upya na sitaona tatizo lako lilipo.