Fidia ya Ukame kwa Wafugaji wa Marekani: Kwa Nini Huyu Alipwe na Jirani Akose

Ndugu, umeuliza kwa nini mfugaji wa kaunti moja ya Nebraska amelipwa fidia ya ukame ilhali hakufiwa na ng'ombe hata mmoja, na jirani yake wa kaunti ya pili amekosa. Jibu ni kwamba mpango wa serikali ya Marekani uitwao LFP, ambao sheria ya kilimo ya mwaka 2014 iliufanya kuwa wa kudumu, haulipii mizoga bali malisho yaliyopotea, na kinachofungua mlango ni ramani ya ukame ya taifa inayotolewa kila Alhamisi. Sehemu yoyote ya kaunti, hata kipembe tu, ikipakwa rangi ya daraja la D3, yaani ukame uliokithiri, ndani ya msimu wa malisho, kaunti nzima huhesabiwa kuwa imestahiki. Jirani aliye ng'ambo ya mpaka, hata kama nyasi zake zimekauka vilevile, hubaki akisubiri ramani nyingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye dhuluma, ingawa nakiri kwamba kukagua shamba moja moja kungechelewesha malipo.

Hata hivyo, kustahiki kwa kaunti hakutoshi. Mfugaji hana budi kufika katika ofisi ya kaunti ya FSA, shirika la serikali linalohudumia wakulima na wafugaji, akiwa na idadi ya mifugo yake, hati za umiliki au mkataba wa kukodi malisho, na ekari zilizokwisha kusajiliwa. Hulipwa asilimia 60 ya gharama ya chakula cha mifugo kwa mwezi. Vifo vina mpango wao, LIP, unaodai ushahidi kama picha au cheti cha daktari wa mifugo.